Slaidi Sitini za Mtondooni

Baba yangu alikuwa shujaa wa kitabu ambacho hakikuwahi kuchapwa. Nalisema mapema ili mbele ya safari nisije nikalaumiwa kwamba nilificha. Jina lake Khalfani bin Mwinshehe, dresa wa zamani. Na dresa, kwa wasiomjua, ni yule mtu wa enzi za mkoloni aliyefunga vidonda, akagawa kwinini, akamfuata daktari wa Kizungu kijiji hadi kijiji na sanduku la vifaa kichwani. Lakini pale kwetu Temeke, mtaa wa Mikoroshini, baba hakusifiwa kwa udresa wake. Alisifiwa kwa ajili ya mguu wa mama.

Mama yangu, Bi Tunu binti Sadallah, alikuwa na matende mguu wa kushoto. Kila siku baada ya swala ya alasiri baba alichemsha maji, akayapoza kwenye beseni, akaukalisha mguu ule na kuuosha kwa sabuni, kunjo kwa kunjo, akaufuta kwa kanga kuukuu na kuupaka mafuta ya nazi. Miaka ishirini na ushei hakukosa hata siku moja. Wanawake wa mtaani waliwasimanga waume zao kwa jina lake. Mimi mwenyewe, nilipoachika, nilimwambia baba Talha mbele za watu kwamba hatoshi hata kubeba beseni la baba yangu, na wala sijutii, maana lilikuwa la kweli.

Mwaka 1994 serikali ilipokuwa ikipunguza wafanyakazi, nilipunguzwa na mimi. Miaka kumi na mitano ya maabara ikaishia kwenye bahasha ya kaki. Nikauza vitumbua miezi mitatu, kisha akanitafuta Daktari Demetria.

Huyu alikuwa mwanamke wa Bukoba, mrefu, mwenye sauti ya chini na viatu vilivyokanyagwa visigino. Alisomea vinasaba Ulaya, yaani ile elimu ya kusoma urithi wa mtu katika tone la damu yake, akarudi nchini mwaka 1988. Alikuta mashine imekufa na bajeti ya kemikali imekufa pia. Wenzake wakafungua maduka ya dawa, wengine wakafuga kuku. Yeye akaingia stoo za ofisi za serikali na kuanza kusoma mafaili ya kale: nani alipima nini, wapi, kwa damu ya nani. Alikuwa akicheka kwamba amekuwa mwanahistoria wa sayansi kwa sababu ya mgao wa umeme. Baada ya muda haukuwa mzaha tena, maana makala zake zilisomwa mbali na watu wa nje wakampa fedha kidogo za kuandika kitabu. Akakodi vyumba viwili vya uani huko Kinondoni, kimoja cha makaratasi, kimoja cha maabara, akaniajiri mimi.

Aliniajiri kwa sababu ya baba, hilo nililijua tangu siku ya kwanza. Maisha yake yote ya kazi yalisimama juu ya kitongoji kimoja, Mtondooni, mbele ya Kimbiji, na baba ndiye aliyekuwa dresa wa Mtondooni.

Habari yenyewe ni hii. Mwaka 1955 daktari mmoja wa Kizungu alitafuta minyoo ya matende katika damu za watu wa pwani ile. Vijiji vya jirani, kila watu watatu mmoja alikutwa nayo. Mtondooni walipimwa watu sitini, hakukutwa hata mmoja. Daktari yule akaandika kwamba watu wa Mtondooni wana kinga ya kuzaliwa nayo, na dunia nzima ya wataalamu ikamwamini. Demetria alipokuwa mwanafunzi kwenye theluji za watu aliapa kuitafuta kinga hiyo katika vinasaba, na kwa kiapo hicho ndipo alipopata udaktari wake. Ila aliporudi, watu wa Mtondooni walikwishahamishwa na operesheni ya vijiji, wametawanyika na kuchanganyika, na walioanza kurudi kulima walikuwa na wake na waume wa kila mahali. Damu za wale sitini hazikuwepo tena.

Akaja nyumbani na redio kaseti yake, akamwamkia baba shikamoo kwa kupiga goti la kwao, akamsikiliza Jumapili nne. Baba alimpa visa vya taa za karabai na vivuko, akamwimbia hata wimbo wa wapagazi. Mguu wa mama ulikuwa chini ya kanga kama siku zote za wageni. Daktari alipouliza, baba alijibu yeye, upesi kidogo: "Huo kaupata huku mjini, kwenye madimbwi ya Temeke. Mtondooni hakuna hayo." Daktari akaandika. Aliniambia njiani kwamba sura ya kwanza ya kitabu itakuwa ya mzee Khalfani, mkono wa Mwafrika uliofanya kazi na Mzungu akachukua sifa. Nilifurahi hadi nikashindwa kula.

Machi 1996 akalipata sanduku. Lilikuwa kwenye stoo Kurasini, chini ya magunia ya klorini, limeliwa na mchwa pembe moja. Ndani yake slaidi sitini, vile vipande vya kioo ambavyo tone la damu hupakwa juu yake na kutiwa rangi, kila kimoja na kikaratasi chenye namba na jina. Mwandiko ulikuwa wa baba. Damu iliyokauka miaka arobaini na mmoja, lakini vinasaba havina haraka ya kufa, na siku hizo kulikuwa kumegunduliwa njia ya kuvitoa hata kwenye vumbi kama lile.

Jioni ile nilikimbilia nyumbani na habari. Baba alikuwa ameshauweka mguu kwenye beseni.

"Baba, zimepatikana slaidi za Mtondooni!"

"Zipi?"

"Zote sitini. Na mama yumo. Namba kumi na saba, Tunu binti Sadallah. Mama, upo kwenye sayansi!"

Mama akacheka. "Mie? Mbona sikumbuki kuchomwa sindano?"

"Ulikuwa mdogo, umesahau," baba akasema. Kisha akaniuliza bila kuinua uso: "Vioo vile vyepesi mno. Havijavunjika?"

"Hata kimoja."

Akaendelea kuosha. Aliosha mahali pamoja, pale pale, hadi mama akamshika bega. "Baba Raudha, utanichubua."

Nililiona hilo na nikalipuuza. Binadamu huona akitakacho.

Wakati ule ule kulikuwa na jambo jingine, na ndilo lililobeba uzito wote. Wafadhili fulani walikuwa wameleta vidonge vya matende, vya bure, vya kugawiwa vijiji vya pwani. Daktari Demetria alikuwa kwenye kamati ya kupanga orodha. Ramani ilikuwa imebandikwa ukutani Kinondoni, vijiji vya kupewa vimepakwa rangi nyekundu. Mtondooni ilikuwa nyeupe katikati ya wekundu, na pembeni yake yeye mwenyewe ameandika: kinga ya asili. Kulikuwa na nyumba zaidi ya mia mbili huko wakati ule. Mama mdogo Najat alikuwa akiishi huko na wajukuu wake sita. Kamati ilikuwa ikae Alhamisi ya mwisho wa mwezi kufunga orodha, na vidonge vya ziada havikuwepo.

Tukaanza kazi. Mashine yetu ilikuwa masufuria matatu ya maji, moja likikaribia kuchemka, moja la vuguvugu, moja katikati, na kipimajoto ndani ya kila moja. Umeme ukikatika tunawasha majiko ya mafuta ya taa. Kazi yangu ilikuwa kuvihamisha vichupa vya damu iliyokwanguliwa kwenye slaidi kutoka sufuria hadi sufuria kwa saa ya mkononi, mizunguko thelathini bila kukosea, ili vinasaba vijizidishe hadi vionekane. Mwisho vinasaba hutembezwa kwenye jeli na kupigwa picha, na kila mtu huonekana kama mistari. Daktari alichagua sehemu nne za urithi. Kila sehemu mtu ana mistari miwili, mmoja kampa mama yake, mmoja kampa baba yake. Ukichukua watu sitini, hutarajii wawili wafanane kwa sehemu zote nne, labda mapacha.

Slaidi kumi na mbili za kwanza zilitoka zinafanana zote.

Daktari aliitazama picha, akanitazama mimi. "Mama Talha, ulivaa glavu?"

"Nilivaa."

"Ulikohoa? Uliongea juu ya vichupa?"

"Daktari, mie nimeanza kushika pipeti wewe ukiwa kidato cha sita."

"Sijakutukana. Lakini hii ni damu ya mtu mmoja, na mtu aliyekuwa karibu na vichupa ni wewe."

Nilikasirika, sifichi. Nilivua koti la maabara nikalitundika kwa nguvu hadi msumari ukang'oka. Kisha nikalivaa tena, maana ada ya shule ya Talha ilikuwa haijui hasira. Tukaosha kila kitu kwa dawa, tukabadili maji, tukarudia na slaidi arobaini na nane zilizobaki, mimi nikiwa nimefunga mdomo kwa kitambaa kama mwizi wa sinema. Majibu yakawa yale yale. Hata kumi na saba ilikuwa vile vile, ile ya mama, na hapo kitu kikanijia kwa mbali. Hata hivyo, sikukiruhusu kiwe wazo.

"Tuumalize ubishi," Daktari akasema Jumanne asubuhi. "Nitapima damu yangu na yako. Kama mistari ni yako, basi tumechafua, na tunaanza upya."

Akanichoma kidole, nikamchoma chake. Saa tisa alasiri umeme ulirudi, tukapiga picha na kuiweka mezani. Mistari ya Daktari haikulingana na ya slaidi popote. Yangu niliifuata kwa ncha ya penseli. Sehemu ya kwanza, mstari wangu mmoja ulikaa sawa na wa slaidi, wa pili haukulingana. Sehemu ya pili, mmoja sawa, mmoja mbali. Ya tatu vile vile. Ya nne nilikuwa naijua kabla sijafika.

Daktari Demetria alikuwa amenifundisha mwenyewe kusoma mistari hiyo, na alinifundisha vizuri. Mtu anayeshiriki nawe mstari mmoja kila mahali ni mzazi wako au mwanao. Mwaka 1955 mimi nilikuwa sijazaliwa, na mwandiko kwenye vikaratasi ulikuwa wa baba.

Nilimwacha afike mwenyewe, na alifika. Aliivua miwani, akaketi juu ya ndoo ya maji iliyofunikwa.

"Si uchafuzi," akasema polepole. "Alijichoma yeye. Mara sitini."

"Ndiyo, Daktari."

"Mtondooni hawana kinga. Hawakupimwa. Hakuna aliyewahi kuwapima." Akaitazama ramani, kisha akaanza kuhesabu kwa vidole kitu ambacho sikukisikia, na baadaye nikaelewa kwamba ilikuwa miaka yake. Ilikuwa kumi na minne.

Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, na hakuna nguo ya karibu zaidi ya baba.

Nilingoja apige kelele. Hakupiga. Alisema kwa sauti yake ya chini, bila kunitazama: "Tunaweza kuandika kwamba sampuli zilichafuliwa maabara. Hutokea. Jina lako litaingia kwenye ripoti, lakini la mzee litabaki safi. Na mimi nitabaki na kazi yangu."

"Na Mtondooni?"

"Itabaki kama ilivyo kwenye ramani."

Mtu mwema angekataa pale pale. Mimi niliona nafuu. Nilitoka Kinondoni moyo mwepesi, nikanunua samaki wa kukaanga wa kumpelekea baba, nikawa najiambia kwamba wajukuu wa mama mdogo Najat ni wazima, wanacheza, labda Mungu atawaepusha. Nilishaamua kuubeba uzembe ambao sikuufanya.

Nilipofika nyumbani alasiri ilikuwa imekwisha. Mama ameketi kwenye kigoda, baba amechuchumaa mbele ya beseni. Niliwaamkia, nikaweka samaki, nikasema kwa wepesi: "Baba, ile kazi ya slaidi imeharibika. Zimechafuka. Haitaendelea."

Nilidhani atapumua. Lakini alinitazama usoni, na macho yake yalikuwa yamejaa maji.

"Mmekuta ni mtu mmoja," akasema.

Sikuweza kusema uongo wa pili.

"Za mwizi arobaini," baba akasema. "Mie nimepewa miaka arobaini na mmoja." Akaanza kueleza, mikono ikiwa bado majini, kana kwamba anauelezea mguu. "Minyoo ya matende hutoka kwenye damu usiku. Mchana imejificha. Basi tukawa tunawaendea watu saa tano za usiku na taa ya karabai na sindano. Nani angekubali? Walisema mumiani wamekuja kunyonya damu. Kitongoji kizima kiliingia porini. Yule bwana alikuwa kalala na homa Kimbiji. Akaniambia, kesho niletee sitini, la sivyo rudi kwenu. Nikakaa barazani kwa jumbe peke yangu na vioo. Vidole kumi, kila kidole mara sita. Majina nilikuwa nayajua yote."

"Ulidhani mchezo?" nikamwuliza. Sauti yangu ilitoka kwa ukali nisioukusudia.

"Nilidhani watarudi wengine kupima tena. Nilijua wazungu hurudiarudia. Hawakurudi. Ikaandikwa kitabuni, ikawa kweli."

Mama akamtazama. Aliinama kidogo. "Wote waliingia porini?"

"Wote."

"Mie sikuingia. Mtoki ulikuwa umenivimba kinenani, siwezi kupiga hatua. Nilikuwa ndani kwetu nimelala. Ulikuja ukasimama mlangoni ukaniuliza hali. Nakumbuka ile taa yako."

Baba akapapasa sabuni majini.

"Tulikuwa tumeshaposana," mama akasema. "Ningekupa kidole. Ningekupa na vyote."

"Najua."

"Sasa kwa nini hukukitaka?"

Nilimwona baba akitafuta pa kuweka macho. "Mtoki ule niliujua ni wa nini, matende huanza hivyo. Mie dresa. Nikikuchoma nikakuta, jina lako lingesomwa mbele ya jumbe, na wazee wangu wangeivunja posa siku hiyo hiyo. Niliogopa kukuta, Tunu. Nikakuandika mzima."

"Dawa ilikuwepo?"

"Ilikuwepo. Vidonge vyeupe. Vijiji vya jirani walipewa."

Mama alivuta pumzi. Akaushika mguu wake kwa mikono miwili, chini ya goti, akautoa kwenye beseni mwenyewe. Maji yakatiririka mkekani. Haikuwahi kutokea hata mara moja kwamba autoe yeye.

"Khalfani," akamwita. Nilikuwa sijamsikia akimwita kwa jina maishani mwangu. "Mdogo wangu ana wajukuu sita kule." Kisha akanigeukia mimi. "Mwanangu, nipe kanga."

Jumatano nilifika Kinondoni kabla ya Daktari. Nikalifungua daftari la maabara. Kila slaidi ilikuwa na mstari wake: namba, jina, matokeo, na mwisho nafasi ya chanzo halisi cha damu, ambayo tulikuwa hatujaijaza. Nikaijaza. Niliandika Khalfani bin Mwinshehe mara sitini, kwa wino, ila kwenye kumi na saba ilibidi nisimame kidogo.

Daktari aliingia, akaona. "Umefanya nini?"

"Nimejaza daftari. Wewe ulinikataza kuacha nafasi tupu."

Alisoma kila mstari, ukurasa kwa ukurasa, akafika kumi na saba. "Tunu binti Sadallah. Si mama yako huyu? Mzee aliniambia matende kayapata mjini."

"Aliyapata Mtondooni, Daktari. Alikuwa nayo siku ile ile aliyoandikwa mzima."

Akalifunga daftari. Nilimwona akiutazama ukuta wa makaratasi yake, yale mafaili ya miaka yote, na nilimhurumia kwa dhati, maana mimi nilipoteza sifa ya baba lakini yeye alikuwa anapoteza kila alichokuwa. Alivaa viatu vyake vilivyokanyagwa, akavivuta visigino vikakaa sawa, akaliweka daftari kwapani na kutoka. Hakungoja Alhamisi.

Wanakamati waliomsikiliza walimpongeza kwa uaminifu wake. Kisha wakamweleza kwamba orodha imeshachapwa, Alhamisi ni ya kutia sahihi tu, vidonge vimeshahesabiwa, Mtondooni itafikiriwa mwaka ujao. Huo mwaka ujao ulipofika, mradi ulihamia mkoa mwingine. Wafadhili wa kitabu walimwandikia barua ya mistari mitano, ya adabu sana, na kabla ya mvua za vuli Daktari Demetria alikuwa amerudi Bukoba kufundisha baiolojia sekondari. Wa kwanza kuvimba mguu kati ya wale wajukuu sita alikuwa Hope, binti wa mkwe Mkristo wa mama mdogo, akiwa darasa la saba.

Lakini siku ile ya Jumatano mimi nilikuwa sijayajua hayo. Nilirudi nyumbani alasiri. Baba alikuwa ametoka msikitini, amechemsha maji, ameyapoza na kuyapima kwa kiwiko kama siku zote, na anakuja nayo uani na beseni mikononi, kipande cha sabuni kikielea ndani. Mama alikuwa kwenye kigoda chake, amempa mgongo. Mguu ulikuwa umeshaoshwa, umeshafutwa, unang'aa mafuta. Alikuwa ameinama na kuufikia mwenyewe, sijui kwa taabu gani.

Baba akasimama na beseni lake. Alisimama hadi sabuni ikaanza kuyeyuka.

Mama, bila kugeuka, akamwambia maji hayo akamwagilie mchicha.